Turbo ya injini ilokufa kwenye 2L ya kawaida: kabla hujafunga

Tangu Toyota Surf ya kaka yangu irudi barabarani na injini nyengine, kila nikipita Chake suala ni hilo hilo, eti turbo ya mashine ilokufa inaingia kwenye 2L ya kawaida, ile injini ya dizeli ya Toyota isiyo na turbo? Inaingia, na hapo ndo pana hatari, maana ingekuwa haiingii watu wasingejisumbua. Ukizitia macho bloku zote mbili 2L, zote cc 2,446, manifodi inayobeba turbo inakaa, nati zinafunga, fundi anafuta mikono anakwambia bwana tia ufunguo.

Namwelewa mtu anaefika huko. 2L-T, yaani 2L ilozaliwa na turbo, ilo nzima ni tabu kuipata, na ukiipata aghlabu hedi ishapasuka, ugonjwa wake ule unajulikana. 2L tupu na 3L za Hiace na Hilux ndo zinazopatikana. Basi mtu ananunua 2L, anaipakia melini mpaka Mkoani, halafu anabaki na turbo yake nzima kwenye mfuko na roho haimpi kuitupa. Na Surf ni gari nzito, na vilima vya Pemba si vya kusimuliwa, toka Chake mpaka Mkoani ni kupanda na kushuka tu, bila turbo unapanda na gia ya pili huku nyuma wanakupigia honi.

Sasa tofauti ilo kubwa iko ndani, haionekani ukiwa umesimama nje. 2L tupu mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni kama 22 kwa 1, 2L-T iko kwenye 20 kwa 1. Mwenye kuiunda alishusha makusudi, kwa sababu turbo inaingiza hewa ilokwisha kubanwa, sasa ukiichukua hewa hiyo ukaibana tena kwenye injini ya 22 presha inayopiga kichwa cha pistoni na gaskiti ya hedi inakuwa kubwa kuliko ile waliyoipigia hesabu. Tena injini nyingi za dizeli zilozaliwa na turbo zina vijibomba chini ya silinda vinavyorusha oili kwenye tumbo la pistoni ipoe, kwa hiyo sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ikishafunguliwa tia tochi utizame wewe mwenyewe kama vipo, usiulize mtu.

Lakini skiza, maana hapa ndo penye roho ya maneno yangu yote. Kwenye dizeli upepo wa turbo peke yake, ukiwa wa chini, hauui injini haraka kama watu wanavyodhani. Kinachoua ni dizeli. Moto wa injini ya dizeli unatokana na mafuta unayoyatia, ukizidisha hewa mafuta yakabaki pale pale joto la ekzosi linashuka. Ila gari ikifungwa turbo bila pampu ya dizeli kubadilishwa mwenyewe anaona mbona nguvu ni ile ile, anarudi gereji, fundi anachukua bisibisi anaikaza skurubu ya dizeli kwenye pampu, gari inatoka na moshi mweusi, inavuta, watu wanafurahi. Moshi mweusi ule ni dizeli ilokosa hewa ya kuungua nayo, na kila ukipanda kilima nao ujue ndani joto linapanda. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na pistoni ni aluminiamu. Ndo maana wanaojua wanafunga geji ya joto kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya turbo na si baada yake, na ikikaribia 700 wanaachia mguu. Pistoni inahimili kwa kuwa moto unaigusa kwa vipindi na oili inaipoza, ukishikilia mguu chini kilima kizima haina tena nafasi ya kupoa.

Pampu ya 2L-T juu yake ina kidude cha duara chenye diaframu ndani, na mpira mwembamba unaotoka kwenye manifodi ya hewa. Upepo ukija unaisukuma diaframu, pampu inaongeza dizeli kwa kadiri ya hewa ilokuja, upepo ukiondoka inapunguza. Hiyo ndo pampu ya kuhamisha. Mpira ule ukipasuka au ukasahauliwa gari itakuwa nzito hata turbo iwe mpya. Na kama ya kwako ilikuwa 2L-TE hapo simama kwanza, pampu yake inaongozwa na kompyuta, bila waya na sensa zake haiendi.

Ya kaka ilikuwa 2L-T kwa hiyo pampu ilihama, fundi akaitega taimingi kwa geji ya saa, si kwa kusikiliza mlio. Njia ya kupeleka oili kwenye turbo tuliitoa pale penye swichi ya presha ya oili, ikawekwa tii. Kazi ilikuwa njia ya kurudisha. Watu wengi wanaweka mpira mwembamba, au wanaupitisha na kona kali, wakati oili inatoka kwenye turbo kwa kuteremka tu, hakuna kinachoisukuma, na inatoka na povu. Paipu lazima iwe nene, iteremke moja kwa moja, na iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ikiingia chini yake oili inarudi juu, inapenya kwenye sili, unaona moshi wa buluu unasema turbo imekufa kumbe nzima. Fundi wetu aliishusha sampu chini kabisa ndo akatoboa na kuchomelea, na alivyomaliza aliiosha kwa dizeli akapitisha kidole kila pembe. Kuna wanaotoboa sampu ikiwa juu kwenye injini, wallahi vile vichembe vya chuma vyote vinaingia kwenye oili, na shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikielea juu ya oili hiyo hiyo.

Presha ya upepo tumeiacha psi 7. Kaka anataka zaidi, nimemwambia hapana, na nitaendelea kumwambia hapana. Pistoni ni zile za 22 kwa 1, hatukuzibadilisha, kwa hiyo hiyo si 2L-T hata akibandika stika.

Vijana wa mjini wenye Mark II za petroli, nyie msinichukulie maneno haya mkayapeleka kwenu. Petroli ni kinyume, hewa ikizidi mafuta yakapungua ndo inanoki, mafuta yanaripuka yenyewe ndani, na kutoboa pistoni. Injini zenu za 1JZ-GE, zisizo na turbo, mgandamizo ni kama 10 kwa 1, 1JZ-GTE za mwanzo, zenye turbo, zilikuwa 8.5, pengo hilo hulizibi kwa manifodi.

Na kama pampu ya 2L-T huna, au imekufa pamoja na injini, mie ningeiacha 2L ikaenda bila turbo. Ila ujue hapo unahitaji manifodi ya ekzosi isiyo ya turbo, paipu ya mbele ya ekzosi inayokaa nayo, na mpira wa hewa unaofika kwenye filta. Vitu hivyo anavyo yule yule anaekuuzia injini, na injini ikishapanda meli kuvipata peke yake ni shida, kwa hiyo mwambie akuachie na manifodi zake zote na pampu yake kabla hujatoa pesa.