Jinsi nilivyotibu mwali wa hita ya maji uliokuwa ukizimika

Nyumba tuliyopanga Minneapolis ina tanki la kuchemshia maji kwa gesi, la mtindo wa zamani, lililowekwa chumba cha chini ya ardhi. Asubuhi moja ya Januari maji ya bombani yalitoka baridi kama barafu, kwa sababu mwali mdogo, ambao huwaka usiku na mchana ili kuuwasha moto mkubwa kila maji yanapopoa, ulikuwa umezimika. Nilinusa kwanza, hadi sakafuni. Lau ningesikia harufu ya gesi, ningetoka nje na watoto na kupiga simu huko huko, bila kugusa swichi yoyote.

Nilizima kitasa cha gesi kilichoko kwenye tanki, nikasubiri dakika 5 gesi iliyosalia itawanyike, kisha nikakigeuza hadi alama ya mwali mdogo, nikakibonyeza na kuwasha. Mwali ulishika, lakini kila nilipoachia ulizimika. Nilimpigia simu mzee mmoja jirani, fundi bomba mstaafu.

"Hesabu hadi sitini ndipo uachie, mwanangu," aliniambia. Nikahesabu, ukazimika vilevile. "Basi tazama themokapo."

Themokapo ni kijiti chembamba chenye metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, na ncha hiyo inapopashwa moto na mwali huzalisha umeme kidogo mno, ambao hata hivyo unatosha kuipa nguvu sumaku inayoshikilia vali ya gesi isijifunge. Mwali ukizimika, ncha hupoa, sumaku huachia, na springi huifunga vali. Nilipolielewa hilo niliacha kulilaumu tanki, maana lilikuwa likitulinda.

Nilipiga magoti nikachungulia kwa tochi. Mwali ulikuwa wa manjano, mfupi, umeinama kando, ukiigusa ncha kwa shida, ilhali ulipaswa kuwa wa bluu na kuizunguka ncha kwa kiasi cha sentimita 1. Kwa idhini ya mwenye nyumba nilifunga gesi, nikaacha vyuma vipoe, nikasafisha vumbi na utando wa buibui kwenye tundu la hewa. Mwali ukasimama, wa bluu, lakini kipima volti nilichokiunganisha na themokapo kilionyesha milivolti 8 tu, wakati themokapo nzima hufikia takriban 30.

Nilinunua mpya, nikaikaza kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana, kwani ikikazwa kupita kiasi huharibika. Nikawasha, nikahesabu hadi sitini, nikaachia. Ulibaki unawaka. Nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio niliyoyafungua, nikayakodolea macho kwa muda mrefu, na hapakutokea povu hata moja la kuonyesha gesi inavuja.