Asubuhi ya Mtihani wa Hesabu

Aliyesoma shule ya kutwa Dar es Salaam anakijua kituo cha daladala saa kumi na mbili asubuhi. Makonda hawakuwa wanatuchukia sisi madenti, ila tuliwatia hasara. Mwaka 2014 mtu mzima alilipa shilingi 400 kwa njia fupi, mwanafunzi 200, na jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili, haulizi ulimbeba nani. Kwa hiyo mlangoni wimbo ulikuwa mmoja: "Madenti wawili tu!" Mnapigana vikumbo, wawili wanapita, wengine mnarudi kusimama.

Sisi wa Zakhem, kule Mbagala, tulikuwa na balaa zaidi, maana magari yalitoka kituo cha Rangi Tatu yameshajaa. Na kulikuwa na konda mmoja wa daladala aina ya DCM, kofia nyekundu, mdomo mchafu, ambaye hata hao wawili aliwapandisha kwa masimango.

Novemba ile nilikuwa Kidato cha Nne, na siku ya mtihani wa Hesabu mvua za vuli ziliamka na sisi. Manyunyu tu, lakini Barabara ya Kilwa haihitaji zaidi ya hapo kusimama. Magari yalipita milango imefungwa. Mtihani ulikuwa unaanza saa mbili kamili, shule ipo kule Uhasibu, na mimi tumbo lilishaanza kunikata. Mkebe wangu ulikuwa umeniponyoka kwenye tope.

Ndipo ikaja ile DCM. Kofia nyekundu akaruka kabla haijasimama, akatutazama, akanyoosha mkono kuzuia watu mlangoni.

"Wenye mtihani waanze!"

Mama mmoja mwenye ndoo akang'aka: "Na sisi tunaowahi kazini?"

"Kazi ipo hata kesho, mama yangu. Huu ukipita umepita."

Tukapanda wote, sijui tulienea vipi. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, mkebe wenye tope mkono wa pili. Akaninyang'anya mkebe, akaubana kwapani ili nipate kujishika vizuri. Tulipofika Mtongani nikamwona anaufuta taratibu kwa pindo la fulana yake, pembe kwa pembe, huku anapiga bodi kumwashiria dereva.

"Karatasi gani leo, dogo?"

"Hesabu, anko."

"Aisee." Akacheka, akachezesha sarafu kiganjani. "Hiyo ndiyo iliyonileta mimi huku mlangoni."

Nikamtolea sarafu yangu ya 200, ile yenye sura ya Mzee Karume. Akanikunja vidole juu yake. "Kanunue maji. Nenda."

Niliingia chumba cha mtihani mabega yamelowa, na sijui kwa nini nilikuwa natabasamu. Hesabu nilipata D, ambayo pale shuleni kwetu ilitosha kushangiliwa.

Wiki chache baada ya kumaliza nilipanda gari yake nikiwa na nguo za nyumbani. Hakunikumbuka kabisa. Nikampa mia tano, nikamwambia mia iliyobaki akae nayo. Akaniangalia kwa mashaka, akaigeuza ile sarafu mara mbili kuhakikisha si bandia, kisha akanirudishia chenji yangu.

"Sogea nyuma, braza. Nyuma kweupe!"