Nilivyokwenda Hamburg na mbuzi ya nazi

Mbuzi ya mama ndiyo iliyonisimamisha forodhani Frankfurt. Afisa alifungua sanduku, akazitoa nazi tatu akaziweka kando bila neno, kisha akakinyanyua kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma na meno yake, akanitazama. Kijerumani sikijui, na Kiingereza changu chote kilinikimbia palepale. Basi nikakusanya buibui langu, nikaikalia mbuzi pale sakafuni mbele ya watu, nikashika nazi isiyokuwepo nikaanza kukuna. Mwenzake alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Wakanirudishia kila kitu.

Nazi hazikuwa tatizo, maana nilikuwa nimeuliza mapema. Matunda mengi hayaingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, embe likiwemo, ila nazi, ndizi, nanasi na tende zimesamehewa. Mama alitaka nibebe na kopo la samli. Nikamwambia nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi mizigoni mwa abiria. Akaguna: "Sasa utakwenda kwa watu mikono mitupu?" Ndipo akanitolea mbuzi yake, pamoja na jozi mbili za leso kutoka Biashara Street.

Hao watu wenyewe walikaa kwetu Kibokoni, Mombasa, mwaka 2012, miezi mitano, kwenye chumba cha juu, wakijifunza Kiswahili. Mmoja Mjerumani, ambaye mpaka leo namwita shoga, yaani rafiki yangu, na yeye ananiita hivyo hivyo, na mwenzake Mreno. Marehemu baba hakuwahi kupita Fort Jesus na yule Mreno bila kumchokoza: "Wenzako ndio walioanza kuijenga hii, 1593. Sisi bado tunawadai kodi ya kiwanja." Walipoondoka tulilia kwenye kibaraza, tukaahidiana kuonana mwaka unaofuata. Ikapita miaka kumi na mitatu. Kwanza kila siku tunaandikiana, halafu Idi na Krismasi, halafu ile alama ya moyo tu chini ya picha ya mtoto.

Mwaka 2024 ukielekea kwisha nikaamua. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na wateja wangu karibu wote hulipa kwa M-Pesa. Hela inaingia, inatoka kununua unga, inaingia tena. Benki nilikuwa na akaunti, lakini kavu kama kisima cha Kaskazi. Anayesoma maombi ya viza hataki kusikia kwamba biashara inatembea, anataka kuiona kwenye karatasi. Kwa hiyo kuanzia Disemba, kila Ijumaa, nikawa napeleka mauzo ya wiki benki hata kama Jumatatu nitayatoa. Fedha za mchezo wetu wa akina mama, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, niliomba zamu ya Aprili, na sikuzipitisha benki kabisa. Kitita kinachodondoka kwa mkupuo siku chache kabla ya maombi huleta maswali kuliko majibu. Hizo niliziweka kwa ajili ya tiketi. Tiketi nayo nilishikisha nafasi tu, sikulipa mpaka viza ilipotoka. Shangazi mmoja alilipa kabla, wakamnyima, na hadi leo ukimtajia uwanja wa ndege anasonya.

Lililoniuma lilikuwa lile la udhamini. Shoga alikwenda ofisi ya wageni ya mji wao na karatasi za mshahara wake, akatia sahihi kwamba gharama zangu zote ziko juu yake. Wajerumani wanaiita Verpflichtungserklärung, jina ambalo huwezi kulimaliza kwa pumzi moja. Nilijiona kama mtu anayetolewa rumande kwa dhamana. Yeye alipokaa kwetu hakuna aliyemdhamini, alibisha hodi akaambiwa karibu. Hilo sikumwambia. Nikalipa ada ya euro 90, nikakata bima inayofika euro 30,000 kama wanavyotaka, nikapanda treni ya SGR Miritini alfajiri kwenda Nairobi kutoa alama za vidole, nikarudi nikangoja. Mwisho wa Mei pasipoti ikaja na ile karatasi yake imebandikwa ndani. Mama aliishika akaigeuza juu chini kama anatafuta bei.

Kutoka Frankfurt ni karibu saa nne za treni. Shoga alikuwa kituoni, mvi mbili tatu mbele, mtoto wa miaka saba kajificha nyuma yake. Tukakumbatiana, tukaachiana, tukawa hatujui la kusema. Nyumbani chakula cha usiku kilikuwa mkate mweusi, jibini na matango. Nilikula huku nikijiuliza nimekosa nini. Kwetu mgeni wa miaka kumi na mitatu angekuta sinia la biriani. Baadaye nikaelewa kwamba ndicho chakula chao cha jioni, hata kwa baba mwenye nyumba. Kwenye jokofu kulikuwa na kalenda, na jina langu kwa wino wa kijani kwenye siku kumi. Mreno, ambaye siku hizi naye anaishi Hamburg, alikuwa ameandikwa Jumapili saa tisa. Watu wa mji mmoja, wanapangiana saa! Na lile jua la Juni lilinichanganya zaidi: magharibi inaingia saa nne usiku, isha huioni mpaka umeshasinzia.

Siku ya pili akanitembeza. Tulipanda kivuko namba 62 pale Landungsbrücken kwenda Finkenwerder. Likoni mtu wa miguu havushwi kwa hela, kule tiketi ni ileile ya basi na treni. Akanionyesha ule mtaro wa watu kupita chini ya mto, tangu 1911, akanionyesha maghala ya matofali mekundu yaliyokuwa yakiwekwa kahawa na viungo. Mimi naitikia "ehe, ehe" kama watalii ninaowaona kila siku kwetu. Kilichonishtua ni kwamba bandari kubwa hivyo haina bahari. Bahari iko kama kilomita mia moja huko, pale ni mto, na maji hayana harufu ya chumvi. Lakini tuliporudi nikaona gati lenyewe limeshuka, ukuta una majani mabichi hadi juu ya kichwa changu. Nikamwuliza: "Hapa maji hupwa?" Akasema hupwa na kujaa, mara mbili kwa siku. Ndiyo mara ya kwanza tulizungumza kitu bila yeye kuwa mwongozaji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumapili saa kumi na moja alfajiri nikamwamsha, nikamwambia leo napika mimi. Akanipeleka soko la samaki ufukweni, watu wanapiga kelele za bei utadhani uko Marikiti, tukanunua samaki wazima. Saa tisa kamili, si dakika juu wala chini, Mreno akagonga. Nilikuwa nimeshaikalia mbuzi, sinia chini. Mtoto alikuwa anaiba nazi iliyokunwa kwa ngumi, na kila nikimwambia "toka!" anarudia "toka!" kwa lafudhi yake. Mreno akaomba zamu. Akakaa vibaya, magoti nje, akajikwaruza kidole, akatukana Kireno.

Ndipo nikagundua sikubeba kifumbu cha kukamulia tui. Nimebeba mbuzi bara zima, kifumbu nimekiacha msumarini Kibokoni. Shoga akaondoka jikoni bila kusema, akarudi nacho kimeshikwa kwa vidole viwili. Kilikuwa ukutani sebuleni, kati ya picha, tangu alipokinunua Mombasa. Hakukitumia hata siku moja. Tukakiosha vumbi, tukakiloweka, tukakamua. Kasimile ikatoka nzito, nikaiweka kando ya kupaka samaki, tui jepesi likaenda kwenye wali.

Alikuwa anakamua maji ya tatu, mikono nyeupe hadi viwiko, aliposema kwa Kiswahili, bila kuniangalia: "Baba alipokufa, sikujua maneno."

Baba alifariki 2019. Yeye alinitumia ujumbe siku ya nne, mstari mmoja wa Kiingereza. Nilimwekea kinyongo, sitaki kudanganya. Mtu aliyekula kwenye meza ya marehemu miezi mitano! Akasema alianza kuandika Kiswahili mara nyingi akafuta. Alichofundishwa ni salamu, bei, chakula na njia. Msiba haukuwemo kwenye masomo.

Nikamwambia kwetu ni neno moja, makiwa. Na aliyefiwa hujibu, yamepita.

Akaweka kifumbu chini. "Makiwa."

"Yamepita," nikajibu, na Mreno naye akasema, kidole chake mdomoni, na mtoto akarudia bila kujua. Wali ukashika chini kidogo. Tuliula hivyo hivyo, na ukoko wakaugombania.

Siku saba zilizobaki hazikuwa na mpango wowote wa kueleza. Tuliongea mpaka tukakauka koo, na kalenda hakuna aliyeitazama.

Niliporudi, mama hakuniuliza habari za Hamburg. Alifungua sanduku mwenyewe, akapekua hadi chini.

"Mbuzi yangu?"

"Nimewaachia."

Akakaa kimya, anakunja nguo zangu ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Na kifumbu wanacho?"

"Wanacho."

"Haya," akasema. "Kesho tupite Marikiti nikanunue nyingine."