Mifupa Yako Itatiwa Nguvu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tuko Isaya 58, mstari wa 10 na 11. Nabii anataja kazi kwanza: kumkunjulia nafsi mwenye njaa, kumshibisha aliyeteswa. Ujira unafuata, nao una ajabu yake. Aliyetoa hakuahidiwa sifa wala shukrani ya wenye nyumba. Ameahidiwa mifupa yenye nguvu, na kuwa kama bustani iliyotiwa maji.

Tuupeleke mstari huo kwenye huduma inayojulikana katika jumuiya zetu: zamu za kumhudumia mgonjwa asiyeinuka kitandani, tuseme mzee aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Anayejitolea huko anatoka na nini?

Anatoka na mgongo wake, akifundishwa vizuri. Mgeni wa kazi humwinamia mgonjwa, akamshika makwapa na kumvuta. Hapo kiuno chake kinaumia, na bega la mgonjwa lililopooza linaweza kuteguka. Waliozoea hutandika khanga imara, iliyokunjwa mara mbili, toka mabegani hadi mapajani mwa mgonjwa. Wawili wanasimama huku na huku, wanakunja magoti, wanashika pindo karibu kabisa na mwili wake, mmoja anahesabu hadi tatu, wanamnyanyua kidogo ndipo wanamsogeza. Asiburuzwe, ngozi itachubuka. Magoti hayo hayo yatamfaa mhudumu kwenye ndoo ya maji kwake.

Macho nayo yananolewa. Mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo wenye nyumba nao wafundishwe, na kila akigeuzwa mnakagua visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Mahali palipobadilika rangi, penye joto au ugumu, pabonyezeni taratibu kwa kidole; rangi isipofifia, kidonda kinaanza, naye asilalie tena upande huo. Msipasugue kwa mafuta, hata shangazi wote wa mtaa wakisema msugue: ngozi hiyo imeshadhoofika. Ngata ya kitambaa chini ya makalio pia iacheni, maana ukingo wake unabana damu isipite. Wekeni mto chini ya vigimbi, visigino vibaki hewani.

Kulisha ndiko kugumu zaidi kwa wenye haraka. Mgonjwa akae wima, kijiko kiwe kidogo, chakula kiingie upande wa mdomo wenye nguvu, na mngoje ameze kabla ya kijiko kingine. Akimaliza abaki amekaa nusu saa. Akikohoa kila tonge, acheni, mwambieni muuguzi. Bakuli moja la uji linaweza kula dakika 40, na humo ndimo wengi hukutana na ule uvumilivu walioomba miaka yote. Tena, siku mama yako mwenyewe atakapoanguka bafuni, mikono yako haitakuwa migeni.

Huduma hii huharibikia kwenye ahadi. Mtu anatoka ibadani amewaka, anasema atakuja kila siku. Wiki ya 3 haonekani, na akimwona mtoto wa mgonjwa sokoni anabadili njia. Badala ya bustani amevuna aibu. Saa 2 kwa wiki, siku ile ile, na mwenzako yule yule, zinatosha kwa miezi 3 ya mwanzo. Kwa mstaafu au mjane, huyo mwenzake wa zamu huenda ndiye mtu pekee anayemngoja wiki nzima.

Picha na mgonjwa msipige. Anayeituma kwenye kundi ameshalipwa, Mathayo 6:2.

Basi tafuteni wenza wiki hii, chagueni siku, na kabla ya kwenda mwombeni muuguzi wa zahanati awaonyeshe kumgeuza mgonjwa. Mkifika, mikono kwanza, kwa sabuni. Khanga iwe kavu.