Ninavyohakiki na kukomiti usanidi wa ruta zenye modeli mchanganyiko

Ruta zikichanganya modeli za usanidi za OpenConfig (kundi la waendeshaji mitandao), za IETF (shirika la viwango vya intaneti) na modeli asilia ya mtengenezaji, naanza kwa kusoma ujumbe wa `hello` wa NETCONF, itifaki ya kusanidi vifaa vya mtandao. Humo natafuta uwezo wa `:candidate` (nakala ya kuandalia mabadiliko kabla ya kukomiti, yaani kuyafanya yatumike), `:validate:1.1` (uhakiki) na `:confirmed-commit:1.1` (komiti inayorudi nyuma isipothibitishwa), halafu nachukua moduli za YANG, lugha ya kuandikia modeli hizo, kwa `get-schema`, pamoja na zile za `deviation` ambazo wengi huziruka. Hizo ndizo zinazotaja sehemu za modeli ambazo kifaa hakizitekelezi. Ukizikosa, yanglint, programu ya kuhakiki usanidi nje ya kifaa, itapitisha usanidi ambao ruta itaukataa.

Yanglint hukamata aina mbaya ya thamani, masharti ya `must` na `when` yaliyovunjwa, na marejeo ya `leafref` yasiyo na kinachorejelewa. Ipe usanidi mzima. Ukiipa kipande, italalamika kuwa kiolesura unachokirejelea hakipo.

Kwenye kifaa nafunga `running` (usanidi unaotumika sasa), kisha `candidate`, ili mwingine asiubadilishe. Kufuli ya pili hukataliwa endapo kuna mabadiliko ambayo hayajakomitiwa. Usikimbilie kuyafuta kwa `discard-changes` kabla ya kujua ni kazi ya nani. Kisha `edit-config` kuandika mabadiliko, kisha `validate` kuyahakiki.

Jibu la `ok` lisikulaze. Linathibitisha umbo la usanidi. Maana yake ni juu yako. Mfano ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti: kifaa kimoja kikiandikiwa 1500 huhesabu pakiti ya IP tu, kingine hujumlisha na kichwa cha Etheneti cha baiti 14, kwa hiyo hicho kinataka 1514. Namba zote mbili hupita uhakiki, kisha majirani wa OSPF, itifaki ya ruta kubadilishana njia, wanakwama kwenye ExStart, hatua ya kabla ya kubadilishana taarifa. Ndiyo maana kabla ya kukomiti nasoma `candidate` kwa modeli asilia na kuilinganisha na `running`, mstari kwa mstari. Pia kila tawi la usanidi naliandika kwa modeli moja tu. Jani (thamani moja ya usanidi) likiguswa na modeli mbili, ugomvi hauishi.

Nakomiti kwa `confirmed` na `confirm-timeout` (muda wa kusubiri uthibitisho) ya sekunde 120, maana chaguo-msingi la 600 ni refu mno mtandao ukiwa umekatika. Kipindi cha NETCONF kikikatika, mabadiliko hurudi nyuma papo hapo, isipokuwa uliweka tokeni ya `persist`. Ukigusa anwani ya usimamizi, weka `persist`, kisha uthibitishe katika kipindi kipya kwa tokeni hiyo hiyo katika `persist-id`.

Ruta zikiwa nyingi, zote hupata komiti ya muda kwanza, nakagua majirani wa OSPF na wa BGP (itifaki ya njia kati ya mitandao), ndipo nathibitisha. Isiyo na `:confirmed-commit` hukaa mwisho wa foleni, na siigusi bila njia ya konsoli.