Filimbi moja ya kinanda cha sinema bubu: nilipofikia

Machi 2. Kinanda kizima sikiwezi, kwa hiyo natengeneza filimbi moja tu: Tibia Clausa, Do ya kati. Ndiyo sauti nene, laini, iliyotawala vinanda vya kampuni ya Wurlitzer, vilivyosindikiza filamu bubu katika majumba ya sinema ya Marekani. Mbao ni mabaki ya kabati la mkangazi. Juu inazibwa kwa kizibo kilichovishwa ngozi, na filimbi iliyozibwa hushuka oktavu nzima, hivyo sentimita 33 zinatosha pale ambapo iliyo wazi ingedai 65.

Machi 9. Imelia! Ila kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikipuliza polepole natoa Do safi. Nikiongeza pumzi, inarukia Sol ya oktavu ya juu.

Machi 10. Tatizo ni mdomo, yaani tundu la filimbi ambapo upepo hugonga ukingo na kutoa sauti. Vinanda vingi vya kanisani hutumia upepo wa kuinua maji sentimita 7 au 8 hivi. Vya sinema kwa kawaida ni 25. Upepo mkali hivyo unataka mdomo uliokatwa juu zaidi. Nimeshika tupa, nimekula milimita moja, nimejaribu, nimekula nyingine. Nilipofika ya nne ikatulia. Upepo unatoka kwenye pampu ya kujazia godoro la hewa, na naupima kwa mpira mwembamba wenye maji, uliokunjwa mfano wa herufi U. Kizibo nimekisukuma ndani karibu sentimita tatu ndipo noti ikakaa sawa. Hesabu yangu ilisahau kwamba hewa ya mdomoni nayo hutikisika.

Mbona sinema ziliridhika na safu chache za filimbi, yaani aina chache tu za sauti? Jibu ni Robert Hope-Jones, Mwingereza aliyetoka kwenye kazi ya umeme wa simu. Alipitisha nyaya kati ya kibodi na filimbi, safu ileile ikaitwa kutoka kibodi yoyote, kwa oktavu yoyote. Wurlitzer walichukua kazi yake mwaka 1910, wakajenga vinanda zaidi ya 2,200. Humo mlikuwa na ngoma, kengele, hata kifaa cha kuiga kwato za farasi, vyote vikigongwa kweli, vikichezwa na mtu mmoja. Mwenye jumba aliona mishahara ya bendi nzima ikibaki mfukoni. Sidhani kama alijali Tibia ni nini. Mwenyewe Hope-Jones alifariki 1914, kabla ya neema hiyo kushamiri, na filamu zenye sauti zilipoingia baada ya 1927 soko likaporomoka.

Machi 16. Do imenyooka mno, kama chupa inayopulizwa. Inakosa mtikisiko. Kesho naunga kwenye njia ya upepo kifuniko chepesi chenye springi, kipigepige.