Laptopu ya RAM GB 4, na bado naandika C++ juu yake

"Tupa hiyo, nunua mpya." Ukitaka kuwajua wavivu wa kufikiri katika kazi yetu hii, waambie tu kompyuta yako ni nzito. Hawatakuuliza ni nzito wakati gani, ina diski gani, umefungua nini. Watakutajia modeli ya mwaka huu. Nimeambiwa hivyo na wanaprogramu walionizidi uzoefu, na nimeambiwa hivyo na mtu ambaye kompyuta kwake ni barua pepe tu. Laptopu yenyewe ni ya 2013, RAM ni GB 4, tena imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo na wale wa "ongeza RAM" tuagane nao mapema. Leo inakompaili C++ (inageuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), inaendesha hifadhidata ya PostgreSQL ya majaribio, na kivinjari kiko wazi pembeni. Acheni nijipige kifua kidogo.

Kinachonikera ni kwamba kuujua ugonjwa wake kulihitaji amri moja tu: `vmstat 1`. Iache kwenye terminali huku ukiendelea na kazi zako, na jicho lako liwe kwenye nguzo za mwisho upande wa kulia. Prosesa yangu, hiyo iliyosemwa "imezeeka", ilikuwa imekaa bure. Nguzo ya `wa`, yaani muda ambao prosesa inasubiri diski, ilivuka 80 kila nilipofungua kitu. Diski ilikuwa ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 11, na kipande cha faili unachokitaka kikiwa kimeshapita chini ya kichwa cha kusomea, unasubiri kizunguke kirudi. Sasa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inapokagua mradi wenye maelfu ya mafaili madogo, kusubiri huko kunajirudia tena na tena. Prosesa mpya ingesubiri vilevile, ila ingesubiri kwa heshima zaidi.

Nikanunua SSD ya SATA, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya kawaida kabisa, kwa pesa ambayo ukiilinganisha na laptopu mpya ni ya kuokota. Nikabadilisha, nikapuliza na vumbi la feni wakati mfuniko uko wazi, basi. Hapo tu mashine ilishakuwa nyingine. Ningeweza kuishia hapo na kuandika aya mbili, ila uchu ulikuwa umeshanipanda.

Mifumo endeshi nayo ina walokole wake. Wapo wanaoona Windows ni laana, wapo wanaoona Linux ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mimi sina ugomvi na Windows. Kama una RAM ya kutosha, WSL iliyoanza 2016 inakupa terminali ya Linux ndani ya Windows bila kuhama, na ni kitu kizuri. Lakini WSL 2 ni mashine pepe yenye kerneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, inataka kumbukumbu yake, na mimi sikuwa na ya kugawa. Tena Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha iliyoidhinishwa, yangu haimo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ubishi ukajifia wenyewe. Nikaweka Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, yenye Xfce, madirisha na menyu zisizokula sana. Yupo aliyenishikilia kwamba bila Arch, Linux nyingine, hujawa mtu. Nilimshukuru, nikarudi kwenye kazi zangu.

Kuweka Debian hakuna hadithi. Hadithi ni waifai.

Tangu Debian 12 iliyotoka Juni 2023, kisakinishi huja kimebeba programu dhibiti (firmware) zisizo huria, kwa hiyo kadi nyingi za waifai huamka zenyewe. Yangu haikuamka. Chipu yake ni ya lile kundi linalohitaji draiva maalumu ya mtengenezaji, ambayo lazima ijengwe upya kwa kila toleo la kerneli. Draiva hiyo iko wapi? Kwenye intaneti. Na tundu la waya wa mtandao kwenye laptopu yangu lilishavunjika siku nyingi.

Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema ninunue kidude cha waifai cha USB, kwa maana dawa ya kila tatizo kwake ni kununua. Mwingine, kwa sauti ya mjuzi, akasema: "Rahisi tu, pakua vifurushi kwenye kompyuta nyingine, beba kwa flashi." Ilisikika vizuri. Nikabeba kifurushi cha draiva, kikadai `dkms`, programu inayozijenga upya draiva kerneli inapobadilika. Nikabeba `dkms`, ikadai kompaila, yaani programu ya kukompaili. Nikabeba kompaila, ikaja na ukoo wake wote wa maktaba, kila mmoja akimdai mwenzake. Nilipofikiri nimewaridhisha wote, ikabaki kudai mafaili ya vichwa vya kerneli, na niliyobeba yalikuwa ya toleo lililotofautiana na langu kwa tarakimu ya mwisho tu. Yakakataliwa. Nilikuwa tarishi wa flashi kati ya mashine mbili, na kila safari nilirudishwa na orodha mpya ya madai. Mshauri wangu nilipomrudia aliniuliza kama nimejaribu kuwasha upya.

Dawa ilikuwa mfukoni muda wote. Chukua simu ya Android, ichomeke kwenye laptopu kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya kushiriki intaneti, uchague USB. Linux inaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya. Kerneli tayari ina draiva yake, huweki kitu. Na utamu hasa uko hapa: si lazima uchome bando. Simu nyingi za Android zikiwa zimeshika waifai, hupitisha waifai hiyohiyo kwenye waya. Kwa maneno mengine simu inageuka kuwa kile kidude cha USB nilichoambiwa nikanunue. `apt`, amri ya Debian ya kusakinisha vifurushi, ikavuta kila kitu kwa mkupuo mmoja, na vichwa vya kerneli vya toleo sahihi. Nilicheka peke yangu.

Moduli ya kerneli, yaani draiva yenyewe, ikajengwa, nikaiita, kerneli ikaikataa kwa madai kwamba ufunguo haukubaliki. Hii ni Secure Boot, kinga ya mashine wakati wa kuwaka: moduli isiyo na saini inayotambulika haipiti. Ulizia popote utaambiwa uizime. Inafanya kazi, sikatai, ila kuzima kinga ya mashine nzima kwa ajili ya kadi moja ya waifai ni uvivu uleule wa "nunua mpya" kwa sura nyingine. Kwenye Debian, `dkms` hukutengenezea ufunguo wako na kuzisaini moduli zenyewe. Unachotakiwa ni kuutambulisha kwa mashine: `mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, unaweka nywila ya muda, unawasha upya. Sasa kaa macho. Inatokea skrini ya buluu inayokusubiri sekunde chache tu ubonyeze kitufe chochote. Ukiwa umeinuka kunywa maji imekula kwako, mfumo unaendelea kuwaka na ombi lako linatupwa, uanze upya. Jambo la pili ambalo maelekezo mengi hayasemi: skrini hiyo inaisoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, hata kama wewe umechagua mwingine. Nywila iwe herufi ndogo za kawaida, usijitie ujanja wa alama.

Na ukishapata draiva ya namna hii, usiifute kerneli ya zamani kila unaposasisha. Siku draiva ikigoma kujengwa juu ya mpya, utachagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea wakati wa kuwasha, na kazi itaendelea.

Baada ya hapo ikabaki RAM, ambayo haiongezeki. Haiongezeki, ila inakunjwa. zram, iliyoingia rasmi kwenye kerneli 3.14 mwaka 2014, inatenga sehemu ya RAM kuwa eneo la swapu (pa kuhamishia kumbukumbu RAM inapobana) linalohifadhi kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zikiwa zimebanwa. Data nyingi za programu zinabanika vizuri, kwa hiyo unapata nafasi ambayo hukuwa nayo, na prosesa ile iliyokuwa imekaa bure inapata kazi ya kufanya. Kifurushi kinaitwa `zram-tools`; ndani ya `/etc/default/zramswap` niliweka `ALGO=zstd`, ndiyo njia ya kubana, na asilimia 60 ya RAM. Hapa kuna ushauri mwingine wa kurithiana: "punguza swappiness iwe 10," yaani kiasi ambacho kerneli inapenda kutumia swapu. Ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya swapu iliyoko kwenye diski ya kuzunguka, ambako kila ukurasa ni gharama. Kwa zram mambo yanageuka, swapu ni rahisi kuliko kusoma diski, na tangu kerneli 5.8 thamani hiyo inaruhusiwa kufika 200. Yangu iko 150. Watu wanaendelea kunakiliana ile 10 bila kuuliza ilitoka wapi.

Kukompaili ndiko kulikotoa kichekesho. Mradi mkubwa kidogo wa C++, `make -j4`, yaani kompaili mafaili manne kwa pamoja, na katikati kompaila inakufa na ujumbe wenye neno "Killed". Mtu akaniambia prosesa imeungua. Mwingine, kompaila ni mbovu, shusha toleo. Ukiandika `dmesg` unakuta kerneli imeandika yenyewe kwamba kumbukumbu imekwisha, ikachagua mtu wa kumtoa kafara, na aliyechaguliwa ni `cc1plus`, ndiyo kompaila yenyewe ya C++. Faili moja la C++ lenye templeti nyingi linaweza kula zaidi ya GB moja peke yake. Ukiendesha manne kwa pamoja kwenye GB 4 umetafuta mwenyewe. Nikashuka hadi `-j2`. Nikaweka `ccache` isikompaili tena kile ambacho hakijabadilika. Nikabadilisha `-g` kuwa `-g1`, maana taarifa kamili za utatuzi zinamnenepesha sana linka, yule anayeunganisha vipande kuwa programu moja, nikaacha linka wa zamani nikatumia `lld`. Kompaili ya kwanza bado inachukua muda wa kutosha kufikiria maisha. Zinazofuata ni za haraka.

Kihariri sasa. Najua nagusa dini za watu. Vihariri vya msimbo vilivyojengwa juu ya Electron, kama VS Code, vinakuja na kivinjari cha Chromium tumboni, na kwenye mashine yangu hilo peke yake ni sehemu kubwa ya kilichopo. Natumia Neovim, mjukuu wa kihariri cha vi kupitia Vim. Bill Joy alipoandika vi mwaka 1976 alikuwa akifanya kazi kupitia modemu ya baud 300, laini ya polepole kiasi kwamba amri ndefu zilikuwa adhabu. Ndiyo maana amri zake ni herufi moja moja. Na h, j, k, l zinazosogeza kishale ndivyo vitufe vilivyochorwa mishale kwenye terminali ya ADM-3A aliyokuwa akitumia. Kwa hiyo wanaposema ni kihariri cha kizamani, ni kweli, na ndiyo sifa yake: kilizaliwa kwenye vifaa duni kuliko hiki changu. Kutoka ni `:q!`, nalisema mapema kwa sababu mwaka 2017 Stack Overflow walitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka Vim limetazamwa mara milioni moja.

Lakini msidanganywe na wapenzi wa Vim, nami nikiwemo. Wepesi wa kihariri haukusaidii kitu kama nyuma yake unaendesha seva ya lugha, programu inayousoma msimbo na kukupendekezea, inayokula kuliko kihariri chenyewe. Tangu itifaki ya LSP inayounganisha vihariri na seva hizo ilipotoka 2016, ukamilishaji wa msimbo unaoupata kwenye Neovim ni uleule wa vihariri vikubwa, na ulaji ni uleule. Nilikaa najisifu kwa megabaiti chache za Neovim huku `clangd`, seva ya lugha ya C++, ikikomba kila kitu chini. Niliiwekea `-j=1` na `--background-index=false`; sasa haivinjari mradi mzima, na mimi natafuta maneno kwenye mafaili kwa `ripgrep`. Sijaona hasara.

Kivinjari ndicho kinachobaki kuwa adui mkuu. Nyaraka nyingi za programu nimezishusha kwenye Zeal nisome bila mtandao, na kwenye Firefox nikibanwa nafungua `about:unloads` naziondoa kwenye RAM tabo nisizozitazama. Wenye tabo sitini, ninyi tatizo lenu si RAM.

Mikutano ya video imenishinda, hiyo naifanyia kwenye simu. Emuleta ya Android, simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, sikuthubutu hata kuijaribu. Programu za simu nazijaribia kwenye simu halisi kupitia `adb`, chombo cha kuamrisha simu kwa waya, na nikitaka kuiona kwenye skrini ya laptopu naifungua kwa `scrcpy`, ambayo inakula kidogo sana na inaonyesha tabia ya kweli ya programu kuliko emuleta yoyote niliyowahi kuitumia kwenye mashine za watu.